Rangi na Mpako wa Gitaa la Besi: Neno Moja, Maamuzi Mawili

0. Utangulizi

Mtu anayeagiza gitaa jipya la besi huulizwa mapema anataka rangi gani. Katika Kiswahili swali hilo lina maana mbili. Neno rangi, lililotoka katika Kiajemi, hutaja sifa inayoonwa na jicho, kama vile wekundu au weusi; hutaja pia kitu chenyewe kinachopakwa au kupuliziwa juu ya mbao. Kifaransa hutenganisha mambo hayo: couleur ni ya jicho, peinture ni ya brashi, na vernis ni ya tabaka la juu linalong'aa. Katika mazungumzo ya kila siku utata wa neno la Kiswahili hauleti hasara. Kwa mwenye kununua gitaa, hasara ipo: magitaa mawili yenye wekundu uleule yanaweza kuzeeka kwa namna tofauti kabisa, moja likabaki kama lilivyotoka kiwandani, lingine likapasuka uso na kubadilika sura.

Makala haya yanatenganisha maana hizo mbili. Sifa inayoonwa itaitwa rangi, na tabaka linalofunika mbao litaitwa mpako. Kisha yataeleza kwa nini uamuzi kuhusu mpako unapaswa kutangulia uamuzi kuhusu rangi.

1. Rangi

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivyo husemwa gitaa jeusi, jeupe, jekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kufananisha na kitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, samawati kwa mbingu. Msikilizaji anayejua kitu hicho anaijua rangi.

Majina ya viwandani hayafuati njia hiyo. Gitaa la kwanza la besi la Leo Fender, Precision Bass, lilitolewa mwaka 1951 mjini Fullerton, California, likiwa na mpako wa kimanjano hafifu ulioacha nyuzi za mti zionekane. Mwaka 1954 lilipewa sura nyingine: umanjano katikati, ukikolea kuelekea kingo hadi kuwa kahawia iliyoiva, kama jua linalochomoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo ilitoa orodha ya rangi za pekee, ambazo mnunuzi alizilipia asilimia 5 zaidi. Rangi hizo zilikuwa za magari, zilizotengenezwa na DuPont. Fiesta Red, kwa mfano, ilikuwa imepakwa kwenye Ford Thunderbird ya mwaka 1956. Jina kama Lake Placid Blue humkumbusha Mmarekani mji wa michezo ya theluji. Kwa asiyeujua mji huo, jina lote linabaki na neno moja tu lenye msaada, yaani buluu. Kwa hiyo anayeagiza kutoka mbali asitegemee jina. Aombe kipande cha ubao kilichopakwa, au angalau akitazame chombo chenyewe katika mwanga wa mchana, maana taa za duka hubadilisha rangi.

Kila rangi ina madai yake. Nyeusi yenye mng'aro huonyesha vumbi, alama za vidole na kila mkwaruzo mdogo. Rangi hafifu huficha vumbi, lakini huonyesha mpako unapogeuka manjano. Rangi zenye chembe za chuma, na zile za tabaka jekundu angavu juu ya tabaka la fedha au dhahabu, huvutia sana jukwaani. Zikichubuka, ni vigumu kwa fundi kupata kiraka kinacholingana nazo.

2. Mpako

Mipako ya magitaa inaweza kugawanywa katika jamii tatu.

Ya kwanza ni laka ya nitroselulosi, iliyotumika katika magitaa mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960. Laka hii hukauka kwa kuvukiza kiyeyusho chake. Tabaka jipya huyeyusha kidogo tabaka la chini na kuungana nalo. Ndiyo sababu fundi anaweza kuitengeneza bila kuacha mpaka unaoonekana. Ni nyembamba, na mkono huihisi vizuri. Lakini ni dhaifu: huchakaa mahali mkono unapoegemea, hupasuka vipasuko vyembamba hali ya joto inapobadilika ghafla, na huharibiwa na mpira wa baadhi ya vishikizo vya gitaa. Kadiri miaka inavyopita hugeuka manjano. Hivyo magitaa meupe ya zamani yamekuwa na rangi ya krimu, na ya buluu yameelekea ukijani. Hapa rangi haikubadilishwa na mtu. Mpako ndio uliyoibadilisha.

Jamii ya pili ni poliesta na poliuretani. Hizi hugandishwa na mabadiliko ya kikemia na haziyeyuki tena kwa urahisi. Hustahimili jasho, unyevu na safari, na rangi yake hudumu zaidi. Zikipigwa kwa nguvu, hata hivyo, huweza kubanduka kipande, na kiraka chake huonekana.

Ya tatu ni mafuta na nta. Mafuta huingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu yake. Mchezaji hugusa mti wenyewe, na anaweza kuyapaka upya nyumbani kwa kitambaa. Kinga yake ni ndogo: jasho na maji huacha madoa upesi, na mwenye gitaa hawezi kusahau wajibu wa kulihudumia.

Mng'aro ni swali jingine. Shingo yenye mng'aro mkali inaweza kunata mkono unapotoka jasho. Wapigaji wengi hupendelea shingo isiyong'aa. Mwili usiong'aa nao hauonyeshi alama za vidole, lakini hupata mabaka yanayong'aa pale mkono unapousugua kila siku.

Kuhusu sauti, mpako wa mwili una athari ndogo katika gitaa la umeme, ambalo sauti yake hutokana hasa na nyuzi, sumaku zinazonasa mtetemo wake na mkono wa mpigaji. Mpako unaoguswa na nyuzi ni jambo lingine. Jaco Pastorius alitumia gitaa la Fender Jazz Bass lililoondolewa vyuma vya shingoni, na ubao wa vidole ukapakwa epoksi ya mashua ili nyuzi za chuma zisiukwangue. Mpako huo ulichaguliwa kwa ugumu wake, ukawa sehemu ya sauti iliyomtambulisha duniani tangu mwaka 1976.

3. Mti unaofichwa na mti unaoonyeshwa

Mpako usiopenyeka kwa jicho huweza kuficha mwili uliounganishwa kwa vipande kadhaa; mpako angavu hudai mbao nzuri, na bei hupanda. Hapo swali linaifikia Kongo. Kampuni ya Warwick, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1982, ilijulikana kwa magitaa ya besi ya bubinga na wenge, yaliyopakwa mafuta na nta tu. Miti hiyo ni ya misitu ya Afrika ya Kati. Wenge, ambayo wengi wanaijua kwa jina la bendi ya Wenge Musica, imo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Biashara ya bubinga iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 2017, na vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika sharti hilo mwaka 2019. Anayechagua kuonyesha mti anapaswa, basi, kuuliza ulikatwa wapi.

4. Hitimisho

Rangi inaweza kubadilishwa. Gitaa la Rickenbacker alilopata Paul McCartney mwaka 1965 lilikuwa jekundu linalokolea kingoni. Mwaka 1967 lilichorwa michoro ya rangi nyingi. Baadaye yote yaliondolewa, mbao zikabaki wazi. Lakini kuondoa mpako ni kazi ya msasa na gharama, na kila mara mbao kidogo huondoka pamoja nao.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu: kwanza mnunuzi ajue gitaa litaishi wapi na litapigwa mara ngapi, pili achague mpako unaostahimili maisha hayo, tatu aamue kiasi cha mng'aro, shingo na mwili kila kimoja peke yake, mwisho achague rangi. Anayeishi Lubumbashi, ambako miezi ya mvua hufuatwa na miezi mirefu ya ukavu na vumbi, na anayecheza kila wiki mahali penye joto, atapata raha zaidi kwa poliuretani kuliko kwa laka, hata kama moyo wake unapenda sura ya magitaa ya kale. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Mkakasi haukukosa rangi, ulikosa mpako.