Tundu Liko Pengine, Tone Laanguka Pengine

Nyumba nyingi za kambini, za askari jeshi na za polisi, zimeezekwa mabati ya miaka mingi. Mvua za masika zianzapo, mama wa nyumba huweka sufuria chini ya tone na kusogeza kitanda cha watoto. Baba akirudi zamuni hupanda ngazi, akapaka lami juu ya bati, sawasawa na ile sufuria iliyo chini. Mvua ya pili hunyesha, na tone liko palepale. Fedha ya lami imekwenda bure.

Maji hayaanguki pale yalipoingilia. Yakipenya tundu la msumari huambaa chini ya bati mpaka yakutane na ubao, kisha huufuata ubao kwenda chini, pengine hatua kadhaa, hadi yakute fundo au kiungo. Hapo ndipo yadondokapo juu ya dari. Basi tundu na litafutwe upande wa juu wa mteremko, kuelekea mgongo wa paa.

Mvua yenyewe hutoa habari kabla mtu hajapanda. Tone lianzalo mara tu mvua inyeshapo, likakoma nayo, aghalabu tundu lake li karibu. Lichelewalo, likaendelea hata baada ya mvua kukatika, limetoka mbali. Likionekana tu upepo uvumapo kutoka upande mmoja, pachunguzwe pale bati lilalapo juu ya bati jingine, na kofia ya mgongo wa paa. Na kama dari imelowa alfajiri ilhali usiku haukuwa na mvua, huo ni mvuke wa pumzi na wa jikoni uliogusa bati baridi ukageuka maji. Katika zile nyumba za duara za bati, uniporti, zilizotumiwa na polisi wa Uganda kwa miaka mingi, dawa ya maji ya namna hiyo ni kupitisha hewa.

Bati ni chuma kilichovikwa zinki, kazi ambayo Mfaransa Stanislas Sorel aliipatia hataza mwaka 1837. Zinki ikilika, kutu huingia. Lakini mara nyingi mkosaji ni msumari: jua hulitanua bati, baridi ya usiku hulirudisha, na baada ya miaka msumari hulegea na mpira wake hukatika.

Mchana wa jua kali, baada ya kuzima swichi kuu ya umeme, mtu aingie darini na tochi, akanyage boriti tu. Afuate alama nyeusi za maji juu ya mbao. Kisha azime tochi, angoje macho yazoee giza: matundu yatang'aa kama nyota. Apenyeze waya mwembamba katika kila tundu ili aliye nje apaone. Ikiwa hakuna mwanga, mmoja amwage maji juu ya paa, mwingine akiangalia ndani. Aanzie chini na kupanda polepole, akikawia dakika kadhaa kila mahali. Akianzia juu, maji yatapita kote na hakuna litakalojulikana.

Msumari uliolegea hung'olewa, ukatiwa mnene zaidi wenye mpira mpya, juu ya tuta la bati, kamwe si bondeni mwake. Bati lililoliwa na kutu hubadilishwa.

Paa la vigae vikubwa vya kijivu vya saruji, vya zamani, huenda lina asibesto. Hilo lisikanyagwe, lisitobolewe wala kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Familia ipime kutoka kuta mbili hadi penye tone, ichore ramani ndogo, na kuikabidhi kwa afisa wa majengo, aandike na saa ambayo tone lilianza.