Maikrofoni ya Kooni

Weka vidole viwili juu ya kikoromeo chako, kisha useme "zzz" kwa muda, kama nyuki. Utasikia mtetemo chini ya ngozi. Sasa sema "sss". Mtetemo umekatika, ingawa ulimi na meno vimebaki pale pale. Aliyefanya jaribio hili amekwisha kujua nusu ya habari ya maikrofoni ya kooni, uzuri wake na ila yake.

Maikrofoni ya kawaida husikiliza hewa. Huo ndio udhaifu wake penye makelele, maana hewa haichagui: huchukua sauti ya msemaji pamoja na ngurumo ya mashine. Sisi tukiwa karibu na mashine ya kusaga unga twamsogelea mwenzetu tukamsemea sikioni. Lakini askari aliye ndani ya kifaru hawezi kuacha kazi yake amwendee dereva.

Kwa hiyo katika Vita Kuu ya Pili (1939-1945) Wajerumani, Warusi na Wamarekani walitumia maikrofoni isiyotegemea hewa. Ilikuwa vidude viwili vidogo vilivyofungwa shingoni kwa ukanda, kimoja kila upande wa kikoromeo, vikiibana ngozi. Ndani ya vingi vya siku zile mlikuwa na chembe za kaboni, ndugu yake makaa. Mtu akisema, nyuzi za sauti hutetemeka, ngozi nayo hutetemeka, na chembe zile hushindiliwa na kulegea. Zikishindiliwa, umeme hupita kwa wepesi. Zikilegea, hupita kwa shida. Basi umeme hupanda na kushuka kwa kufuata sauti, na sikioni mwa msikilizaji hugeuzwa kuwa sauti tena. Na ngurumo ya injini je? Hiyo huja kwa hewa, na sehemu kubwa yake ikigonga mwili hurudi ilikotoka.

Katika ndege ya Marekani ya B-17, yenye injini nne na watu kumi, kifaa hiki kilifaa kwa sababu nyingine pia. Huko juu hewa ni haba, na kila mtu alivaa barakoa ya oksijeni iliyoziba kinywa na pua. Koo lilikuwa wazi.

Lakini kumbuka ile "sss". Koo hutoa sauti tu. Anayeikata sauti hiyo iwe maneno ni ulimi, meno na midomo. Herufi p, t, k, s na f hazitetemeshi nyuzi za sauti hata kidogo. Chukua maneno pata, kata, paka, taka na saka. Uyapitishe kooni peke yake, nayo yote yatasikika karibu sawa: "a-a". Neno kama mgongo halidhuriki sana. Hebu fikiri rubani anayeambiwa adui yuko upande gani, naye amesikia nusu ya neno!

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha maabara ya mambo ya sauti na usikivu chini ya S. S. Stevens. Watu walisomewa maneno katikati ya makelele makubwa, nao wakaandika walichosikia. Kisha makosa yakahesabiwa. Maikrofoni ya kooni ilishindwa na zile za mdomoni, na wanahewa wakapewa maikrofoni iliyowekwa ndani ya barakoa yenyewe.

Kupotea kwa herufi si ila ya kifaa hiki tu. Simu ya upepo nayo huzila. Ndiyo sababu tangu 1956 marubani wa dunia hutaja herufi kwa majina marefu, Alfa, Bravo, Charlie, na kwa Kiingereza tisa yao huitwa "niner" ili isichanganywe na tano.

Hata hivyo maikrofoni ya kooni haikufa. Leo huvaliwa na baadhi ya askari, wazima moto na waendesha pikipiki, nayo ni nyepesi kuliko zile za kaboni. Anayeivaa hana haja ya kupiga kelele. Ila lazima ukanda ubane sawasawa, kwa maana kidude kikiachana na ngozi hakisikii kitu.