Jinsi ya kuandaa kahawa ya Usambara nyumbani ibaki na ladha yake

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KAHAWA ni miongoni mwa mazao ya biashara ya muda mrefu katika Milima ya Usambara. Wajerumani walianzisha shamba la Derema, Usambara Mashariki, mwaka 1891. Ingawa mashamba yao mengi hayakudumu kwa sababu ya udongo usiofaa, zao hilo halikutoweka milimani. Hadi leo wapo wakulima wadogo wa Lushoto wanaolima arabika, aina ya kahawa inayosifika kwa harufu nzuri.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi zilizo jirani na mibuni, kinywaji cha asubuhi ni chai au kahawa ya kopo. Anayejaribu kukaanga ya kwake mara nyingi hulalamika kuwa ni chungu mno. Aghalabu kosa haliko shambani, liko jikoni.

Hatua ya kwanza ni kukaanga. Buni zilizokobolewa na kukauka vyema zichambuliwe, na zilizooza au kutobolewa na wadudu zitupwe, kwani chache tu zaweza kuharibu zote. Kisha zitiwe katika chungu au kikaango kizito, juu ya moto wa wastani, na kukorogwa bila kuacha. Zitageuka manjano, kisha kahawia, na hatimaye zitaanza kualika kama bisi.

Mlio huo unapopungua, ziepuliwe mara moja, zimwagwe kwenye ungo na kupepetwa ili zipoe na maganda yatoke. Wengi huendelea kukaanga hadi zikawa nyeusi tititi. Hapo mnywaji huonja masizi, si kahawa. Kilo moja ya buni mbichi hubakia takriban gramu 800 hadi 850 baada ya kukaangwa.

Hatua ya pili ni kuhifadhi na kutwanga. Kahawa iliyokaangwa ipumzishwe walau siku moja, kisha iwekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jua, viungo na mafuta ya taa. Itwangwe kiasi kinachohitajika kwa wakati huo tu, kwa sababu iliyosagwa hupoteza harufu upesi kuliko nzima.

Hatua ya tatu ni maji. Wataalamu wa kahawa hupendekeza nyuzi joto kati ya 90 na 96 za Selsiasi. Hapa mkazi wa milimani ana bahati. Lushoto ipo takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi, hivyo yanaweza kumiminwa papo hapo. Mkazi wa Tanga mjini, ambako huchemka kwa nyuzi 100, aepue birika na kusubiri kidogo.

Kipimo kizuri ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani takriban vijiko viwili vya chakula kwa kikombe. Ifunikwe kwa dakika nne, kisha ichujwe. Kuichemsha kwa muda mrefu huzidisha uchungu. Apendaye tangawizi, kama ilivyo desturi ya pwani, aichemshe kwanza ndani ya maji, na kahawa ifuate mwishoni.

Faida ya utaratibu huu haiishii kwenye kikombe. Matunda yaliyochumwa mabichi huacha ukakasi mdomoni, na yaliyolazwa guniani kabla ya kumenywa huleta harufu ya uchachu. Mkulima anayeionja kahawa yake huyatambua makosa hayo mapema, kabla ya siku ya kuuza. Asiyeionja husubiri kuambiwa na mnunuzi, na hana la kujibu anapotajiwa bei ndogo.