Unataka gari livute? Angalia lisivute maji!

Jumamosi asubuhi pita taratibu mitaa ya Sinza au Kijitonyama, hukosi kumkuta kijana kainama ndani ya boneti ya Altezza, au ya Mark II Grande, ile ya GX110. Mikono myeusi, redio juu, washikaji wawili wamekalia ndoo wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Anachofunga ni bomba linalong'aa, lenye kichujio cha umbo la koni mwishoni. Wenyewe wanaliita inteki. Ni bomba kweli, kwa maana zote mbili.

Mmoja wa hao wa kwenye ndoo nilikuwa mimi. Mshikaji wangu alifunga lake mwezi wa pili, akatesa nalo mjini wiki kadhaa. Mwezi wa nne akawa anaulizia bei ya injini nzima. Nitafika huko, lakini kwanza tuone bomba lenyewe linafanya nini.

Injini inapumua kama mtu, tena kwa pupa. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inaweza kumeza karibu lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Hayo ni mapipa 30 ya lita 200! Na petroli haiungui peke yake: kilo 1 inataka hewa kama kilo 14.7 ili iungue sawasawa. Sasa hewa ya moto imepanuka, ni nyepesi. Ndoo ya hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu wa kama asilimia 9 kuliko ndoo ileile ya hewa ya nyuzi 30. Ndiyo maana watu wanahangaika kuipa injini hewa ya baridi: hewa nyingi zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi.

Hesabu hiyo ni ya kweli, ila wauza spea hawakumalizii. Wajapani walioliunda gari lako hawakuwa wajinga. Fungua boneti uangalie lile sanduku jeusi la eakilina: mara nyingi mdomo wake umeelekezwa mbele, karibu na taa, unavuta hewa ya nje tangu gari lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo kwa injini isiyo na turbo, faida ya inteki ni farasi wachache tu, tena injini ikiwa imekimbizwa juu kabisa. Kwenye foleni ya Ubungo hutawaona hao farasi. Unachonunua hasa ni mlio. Kiwanda kiliweka visanduku vya kuuziba, wewe unavitoa, na ukikanyaga mafuta gari linanguruma kama limekasirika. Sisemi ni vibaya. Mlio nao ni starehe, mradi ujue umelipia nini.

Kuna kichekesho kingine. Wengi wananunua koni tupu, wanaichomeka pale pale nyuma ya rejeta, bila kikinga joto. Hapo injini inavuta hewa ya ndani ya boneti, yenye moto kuliko ya nje. Ndugu yangu, hiyo si kuldi ea. Umenunua hoti ea kwa pesa yako mwenyewe.

Kazi ya kufunga si ngumu. Spana namba 10, bisibisi na saa mbili za utulivu zinatosha. Acha injini ipoe. Toa waya hasi wa betri. Piga picha kwa simu kila kitu kilivyo kabla hujagusa, maana ikifika saa kumi jioni kila mpira utafanana na mwenzake. Chomoa soketi ya sensa ya hewa kwa kubonyeza klipu yake, usivute waya. Legeza klipu za mipira, chomoa ule mpira mdogo wa kupumulia wa injini, kisha fungua bolti za sanduku ulitoe zima. Mdomo wa throto ukibaki wazi uzibe kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, Jumamosi yako imekwisha.

Hapo kwenye sensa ya hewa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye Altezza na GX110 inakaa njiani, baada tu ya eakilina. Ndani mna waya mwembamba unaopashwa joto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kontroboksi inajua hewa iliyoingia kwa kupima umeme unaotakiwa kuurudishia joto. Kwa hiyo usiushike kwa kidole, na usiigeuze sensa: ina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Halafu pima upana wa bomba mahali sensa inapokaa. Likiwa pana kuliko la kiwandani, sensa itahesabu hewa kidogo kuliko inayoingia, mafuta yatapungua, gari litakuwa linakohoa na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi. Hata tundu dogo kati ya sensa na throto litakuletea balaa hilohilo, kwani hewa inaingia bila kuhesabiwa. Ukiliwasha ukasikia mluzi, au sailensa inapanda na kushuka yenyewe, zima ukaze klipu upya. Hakikisha pia bomba haligusi mkanda wa feni.

Vumbi nalo usilidharau. Vile vichujio vya sponji vya bei ya kutupa vinapitisha mchanga mwembamba, na mchanga ukiingia kwenye silinda unakula ringi taratibu. Mwaka haujaisha gari linatoa moshi wa bluu na kunywa oili. Vya pamba yenye mafuta ni bora, ila ukishavisafisha usivimwagie mafuta kama unakaanga chapati. Yakizidi yanakwenda kugandia kwenye ule waya wa sensa.

Sasa turudi kwa mshikaji. Inteki lake lilikuwa refu, lile linalopenya kwenye madigadi na kushuka hadi nyuma ya bampa, koni ikaning'inia karibu na taa ya ukungu. Kwa hewa ya baridi, hakuna pazuri kuliko pale. Bahati mbaya koni ilikuwa kama futi moja tu kutoka ardhini, na Dar es Salaam ina masika.

Ilikuwa Mikocheni, jioni, mvua imepiga tangu mchana. Maji barabarani hayakufika hata mlangoni. Gari la mbele likapita, naye akafuata, kakanyaga mafuta ili asizimikiwe. Likatoka wimbi, koni ikazama. Ikasikika "ko!" moja, kimya.

Hewa inabanika, maji hayabaniki. Injini yake ni ya silinda 6, lita 2, kwa hiyo kila silinda ni kama sentimita za ujazo 330. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita 37. Vijiko vitatu vya chakula havienei! Maji yakizidi hapo pistoni inagonga ukuta, na konrodi ndiyo inayopinda.

Akapiga stata. Akapiga tena. Mara ya tatu injini ikazunguka kwa mlio wa debe lenye kokoto. Mtu akizimikiwa majini asiguse stata kabisa. Lisukumwe hadi pakavu, zitolewe plagi zote, ndipo injini izungushwe ili iteme maji, na oili ikaguliwe. Wakati mwingine inapona. Yake haikupona: konrodi mbili zilikuwa zimepinda, na moja ilikuwa imechana ukuta wa silinda.

Ukinibana leo nichague, nitachukua inteki fupi inayobaki juu ndani ya boneti, nitengeneze kikinga joto cha bati, nielekeze mdomo mbele ulipokuwa wa kiwandani. Mlio unaupata. Na sanduku la zamani nitalitunza chini ya kitanda, niwe nalirudisha mawingu ya Machi yakianza kukusanyika.

Mshikaji la kwake alikuwa ameshamuuzia fundi. Alipopata injini ya mtumba pale Gerezani akamrudia fundi huyohuyo kulinunua tena. Fundi akamwangalia, akaangalia mawingu, akasema bei imepanda.