Nyumba za wageni Natta: Fedha ianzie dirishani, pazia lifuate

Natta, wilayani Serengeti, ipo katika barabara ya Makutano–Natta–Mugumu, jirani na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Natta-Mbisso ni miongoni mwa vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Madereva wa watalii, wachuuzi na watumishi wanaopita huko wanahitaji pa kulala, na kwa mwenye mtaji mdogo, nyumba ya wageni ya vyumba vinane ni biashara inayovutia.

Kosa la kawaida ni kumaliza fedha kwenye dari ya jipsamu, mapazia na televisheni kubwa, huku chumba kikibaki na kidirisha kimoja. Tuchukulie chumba ni Sh 20,000 kwa usiku. Kila chumba kikikosa mteja siku 30 kwa mwaka kwa sababu ya joto na mbu, vyumba vinane vimepoteza Sh 4,800,000. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la matumizi, ndiyo maana wengi hawaioni.

Usanifu wa ndani ni zaidi ya mapambo. Ni kupanga nafasi, hewa, mwanga, sakafu na samani ili anayekaa humo awe salama na jengo lisile mtaji kila mwaka. Madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti, yenye wavu wa mbu, hupitisha hewa bila kulipia umeme.

Usalama ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Nondo zilizochomelewa moja kwa moja dirishani humzuia mwizi, lakini nyumba ikishika moto humzuia mteja pia. Fundi anaweza kutengeneza grili moja yenye bawaba, inayofunguliwa kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Mtungi wa gesi ukae nje, penye kivuli. Rangi nayo iulizwe dukani kama haina madini ya risasi, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kuhusu jiko, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Anayejenga leo jiko la mkaa pekee anajenga kitu atakachokibomoa.

Neno uendelevu huwatisha wengi wakidhani ni la wafadhili, lakini hesabu yake ni nyepesi. Tofali la kuchoma hula kuni. Tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora ulilihimiza kwa miaka mingi, hushindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, halichomwi, na ukuta wake wa ndani unaweza kuachwa bila plasta.

Kisha mteja mwenyewe. Dereva anayefika usiku na kuondoka alfajiri anataka swichi karibu na kitanda, soketi ya simu na mahali pa begi. Mzee anataka marumaru zisizoteleza bafuni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, hivyo mlango wa sentimita 90 upangwe kabla ukuta haujapanda.

Kabla ya kumlipa fundi awamu ya mwisho, mwenye nyumba alale humo usiku mmoja, na asubuhi aandike alichokikosa.