Tole ngumu: moto wa fundi unaweza kuirudisha chuma ya kawaida

Kwa kamio inayobeba mawe ya lava pembeni ya Goma, kitu cha kwanza kuisha mara nyingi si motere. Ni sakafu ya bene. Mawe yanateleza, yanakwaruza, tole inapungua kidogo kidogo, na siku moja mwenye kamio anaona barabara kupitia tundu. Fundi anabandika kipande, nacho kinaisha. Njo pale mtu anaanza kuulizia tole ngumu, ile ya Hardox ao ya aina yake, ambayo bei yake inapita mbali ile ya tole ya kawaida.

Pesa hiyo inaweza kupotea mu dakika chache ndani ya atelie, na bila mtu kuiba kitu.

Ugumu wa tole hiyo unatoka mu kiwanda. Chuma inatiwa moto mpaka inawaka nyekundu, kisha inapozwa kwa haraka sana na maji. Kipimo chake kinaitwa Brinell, jina la Johan August Brinell, injinia wa Sweden aliyekionyesha mu 1900: kitufe kigumu kinakandamizwa juu ya chuma kwa uzito unaojulikana, kisha wanapima upana wa alama iliyobaki. Tole ya kawaida inapata kati ya 120 na 180 hivi. Hardox 400, 450 na 500 zinabeba kipimo chao mu jina.

Sasa, kile moto ulileta, moto unaweza kukiondoa. Ikipita dijiri 250 hivi, tole hizo zinaanza kulegea. Fundi anayeichoma mpaka inakuwa nyekundu ili aikunje na nyundo, kisha anaiacha ipoe yenyewe, anamrudishia mteja chuma iliyo karibu sawa na ile ya kawaida. Kwa macho, hakuna tofauti. Kukunja kunafanywa chuma ingali baridi, kwa presi yenye nguvu, na kona isiwe kali. Kama presi haiko, afazali kukata vipande viwili na kuviunga.

Kuunga nako kuna mtego wake. Bageti iliyonyonya maji, na mu Kivu mvua hainyimi mtu, inaingiza hidrojeni ndani ya chuma. Ufa unaweza kutokea kesho yake, wakati fundi amekwisha kulipwa. Kwa hiyo wanachagua bageti ya aina ya basiki, kama 7018, iliyokaushwa vizuri. Haina lazima ya kuwa ngumu kama tole. Bageti laini kidogo inavumilia kuvutwa bila kupasuka. Tole nyembamba inatosha iwe kavu na safi, bila kutu wala mafuta. Ile inayopita milimita 20, kwa kawaida inatiwa joto kwanza, mara nyingi kati ya dijiri 100 na 200 kufuatana na aina na unene.

Kabla ya kununua, swali la kwanza ni: jiwe gani litapita juu yake? Lava ya Nyiragongo haina kwarisi. Jiwe nyeupe la kwarisi, lile linalobeba dhahabu mu mashimo mengi, ni gumu kuliko tole yote inayouzwa. Litaila tu, tole ngumu inachelewesha. Mwenye kusaga kwarisi asishangae kubadilisha tole mbele ya jirani yake anayebeba lava.

Na kama jiwe halitelezi bali linapiga kwa nguvu, kama mu taya za konkaseri, mara nyingi inatumiwa chuma nyingine: ile ya manganezi, iliyotengenezwa na Mwingereza Robert Hadfield mu 1882. Ina manganezi asilimia 12 hivi, na kila pigo linazidi kuifanya ngumu juu. Bila mapigo, mchanga ukipita tu, inaisha haraka. Hii inakataa yale yote yaliyosemwa juu ya joto la kwanza: wanaiunga ikiwa baridi, mistari mifupi, na kungojea ipoe. Ikikaa mu moto muda mrefu, inavunjika kama sahani.

Namna ya kuitambua ni sumaku: chuma ya Hadfield haishikwi. Tole ya Hardox inashikwa sawa na ya kawaida, kwa hiyo sumaku haisaidii pale. Tupa inasaidia zaidi. Kwa tole ya kawaida inakula mara moja. Kwa ile ngumu inateleza na kuacha alama ndogo sana. Muuzaji anayekataa tupa iguse pembe ya mali yake, na hana karatasi ya kiwanda, anajulikana.

Wengine wanaokota lami za resori za kamio na kuzibandika mu bene. Ngumu ziko, kweli. Lakini zina kaboni nyingi, na pale zinapoungwa bila kutiwa joto zinapasuka, mara nyingine na kelele, fundi akiwa bado anainama juu yake.

Moshi pia. Ule wa kuunga chuma ya manganezi, ukivutwa kwa miaka, unaweza kuharibu mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, mwendo unabadilika. Mlango wa atelie unaachwa wazi, ao kazi inatoka inje kabisa, fundi anasimama upande upepo unakotoka, na watoto wanaopenda kuangalia moto wa bluu wanafukuzwa.