Redio ya Taifa Tangu Alfajiri Hata Usiku

Mtu akisema katika chumba kimoja cha Dar es Salaam, mvuvi wa Kigoma humsikia papo hapo, naye yuko mbali zaidi ya kilometa 1,000. Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, lakini upepo haumo kabisa katika kazi hiyo. Sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa umeme, umeme hupelekwa kwenye mnara mrefu, na mnara hutoa mawimbi yasiyoonekana wala kusikika. Mawimbi hayo hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Redio iliyo nyumbani huyapokea na kuyageuza kuwa sauti tena.

Sisi tuliokulia Temeke tulihakikisha jambo hilo bila mwalimu. Uwanja wa Taifa, ambao sasa waitwa Uwanja wa Uhuru, ulikuwa yapata kilometa moja kutoka nyumbani kwetu. Siku Simba na Yanga walipocheza, mtangazaji alipaza sauti redioni, "Goli!" nasi tukaruka. Kisha tulihesabu moja, mbili, tatu, ndipo kelele za watu wenyewe zilipofika dirishani. Sauti ipitayo hewani huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilometa. Basi yule mvuvi wa Kigoma alikuwa amekwisha kujua habari ya goli kabla kelele hazijavuka mitaa michache ya Temeke.

Redio hiyo ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku hizi twaisikia kwa jina la TBC Taifa. Lakini mimi nataka mjue jinsi siku yake ilivyogawanywa nilipokuwa mtoto. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine, hata ilipofika miaka ya 1990. Kwa hiyo mdomo ulikuwa mmoja, na wenye masikio walikuwa wengi, kila mtu na haja yake. Ilikuwa lazima kila saa ipewe mwenyewe.

Alfajiri ilikuwa ya wale waondokao mapema. Mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe na mkulima wa Songea walipata habari kabla hawajatoka mlangoni. Baadaye vilikuja vipindi vya shule, na mwalimu aliweka redio juu ya meza, darasa zima likanyamaza. Wagonjwa nao walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole, ambacho jamaa zao waliwapelekea salamu vitandani. Watoto walikuwa na Mama na Mwana, Bi. Debora Mwenda alipoanza kusimulia hadithi, mtoto aliyetumwa dukani alirudi mbio. Wakubwa walicheka vituko vya Pwagu na Pwaguzi, ingawa sisi wadogo tulicheka zaidi.

Tena msidhani kwamba redio ilikuwa ya kuchekesha na kupasha habari tu. Mwaka 1973 kulikuwa na mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wa vijiji walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu pamoja, kisha wakashauriana juu ya malaria, kichocho na safura. Walipokwisha kushauriana walishika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba. Watu wapata milioni mbili waliingia katika makundi hayo. Sijui somo jingine lililopata darasa kubwa kama hilo katika nchi yetu.

Saa 2 usiku zilisikika ngoma. Mpigaji wake alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Ngoma hizo zilitangulia taarifa ya habari, na baada ya taarifa yalifuata Mazungumzo Baada ya Habari. Usiku ndio redio iliyosikika mbali zaidi, na sababu yake ni hii. Juu sana angani mna tabaka ambalo hurudisha chini mawimbi ya kati, kama ukuta urudishavyo mpira. Mchana, kwa nguvu za jua, sehemu ya chini ya anga hilo huyameza mawimbi hayo kabla ya kurudishwa. Jua likituwa, njia huwa wazi.

Zaidi ya vipindi hivyo vyote, yalikuwapo matangazo ya vifo. Simu zilikuwa chache, na barua ilichukua siku nyingi. Msomaji alitaja jina la marehemu na mahali pa mazishi, kisha akataja jamaa mmoja mmoja, "popote alipo." Hapo watu waliacha kula.

Jioni moja niliibia redio ya baba, nikasikiliza mpira hata mwisho, na betri zikaisha nguvu. Baba aliporudi kazini redio ilikuwa bubu. Nilizitoa betri nikaziweka kando ili kesho zianikwe juani, kama ilivyokuwa desturi yetu, tukalala. Asubuhi, kabla ya chai, jirani wawili walipiga hodi. Mmoja akamshika baba mkono akasema, "Pole sana, mzee mwenzangu." Baba akauliza, "Pole ya nini?" Wale wakatazamana. Jina lake lilikuwa limesomwa jana jioni: shangazi yake, aliyemlea, amefariki Kilosa, na maziko ni leo. Walikuwa wamedhani tumesikia, wakaona ni heshima kutuacha usiku huo na msiba wetu.

Baba aliondoka saa ile ile, lakini alipofika Kilosa walikuwa wamekwisha kuzika. Aliporudi hakunipiga. Alinunua betri mpya, akazifunga katika kitambaa na kuzitia sandukuni mwake, na kila jioni alizitoa kwa mkono wake mwenyewe.